Chai Iwe Ardhi au Iwe Zao? Mjadala juu ya Sura ya Kericho na Bomet katika Mchezo wa Kujenga Miji

MCHORAJI WA RAMANI: Tangu mchezo wa Cities: Skylines ulipotolewa mwezi wa Machi 2015 na mafundi wa Colossal Order wa mji wa Tampere, Finland, mtu atakaye kujenga mji katika kompyuta yake huwekewa ardhi za sura mbalimbali achague: sura ya nchi za wastani, sura ya misitu ya kaskazini, sura ya nchi za joto, kisha ya Ulaya, na tangu Februari 2016 sura ya theluji. Mimi mzaliwa wa Kericho, niliyekulia chini kidogo ya Ikweta, kwa hesabu hiyo ni mtu wa nchi za joto. Walakini nikiifungua sura ya nchi za joto naona ufuo wa mchanga, miti ya jamii ya mnazi na maji ya rangi ya feruzi, mambo ambayo ni haki ya ndugu zetu wa Lamu na Pemba, wala si haki yetu sisi tulio kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tunaoamka na ukungu mlangoni na kuvaa sweta mwezi wa Julai. Kwa kuwa mafundi hao waliwaachia wachezaji pia chombo cha kutengenezea sura mpya, nimeazimia kutengeneza sura ya nchi ya chai. Nyasi zake za asili, yaani zile zinazofunika kila mahali kabla mji haujajengwa, zitakuwa ni chai yenyewe, kijani kilicholala juu ya vilima toka upeo mmoja wa macho hata wa pili, na palipochimbwa patatokea udongo mwekundu, ili mchezaji wa Seoul au wa São Paulo akiitazama mara moja ajue kwamba ipo nchi ya Ikweta isiyo na mnazi.

MWALIMU WA JIOGRAFIA: Sina ugomvi na ukungu wala na udongo mwekundu, ugomvi wangu ni na mahali ulipoiweka chai. Kwa maelezo yako mwenyewe, sura ndiyo inayokuwapo kabla mchezaji hajanyosha mkono, na yote yajayo baada yake, barabara, nyumba na mashamba, ni kazi ya mchezaji. Ukiifanya chai kuwa nyasi za ardhi, umeitia katika hesabu ya mambo ambayo hakuna mwanadamu aliyeyafanya, ilhali chai ya Kericho ina tarehe na ina watu. Kabla ya miaka ya 1920 vilima hivyo vilikuwa misitu na malisho ya Wakipsigis. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ikawakatia maofisa wa Kiingereza walioumia vitani eka 25,000 walime kitani, kitani kikawatupa mkono bei yake ilipoanguka, na muda si mrefu nchi ya Kericho ikawa ni nchi ya makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, karibu na ziwa Viktoria. Ardhi yenye habari ndefu namna hiyo haiwezi kutandikwa chini ya mji kana kwamba Mungu aliiumba ikiwa imekwisha pandwa kwa mistari. Mtoto wa Seoul uliyemtaja hatakuwa na mtu wa kumsahihisha.

MCHORAJI: Hukumu hiyo, Mwalimu, ukiipitisha juu yangu huna budi kuipitisha juu ya sura zote. Malisho ya Uingereza, ambayo kila mchezaji huyaona kuwa ni maumbile, yalikuwa misitu kabla ya shoka na kondoo, na katika sura ya Ulaya hakuna aliyedai kwamba msitu ule urudishwe kwanza ndipo nyumba zijengwe. Kwa nini sisi peke yetu tutakiwe kuleta hati za ardhi kabla ya kuruhusiwa kuonyesha uzuri wetu? Wala kazi yangu si ya mtu wa pupa: jua nimeliweka mahali pake, dakika 22 kusini ya Ikweta, ili adhuhuri likae utosini na vivuli vya nyumba viwe vifupi, si vile virefu vya sura ya kaskazini; na maji ya mito nimeyatia wekundu wa udongo, kwa sababu Kipsonoi na Chemosit baada ya mvua si mito ya feruzi. Nataka mtoto wa hapa akifungua ramani hiyo aitambue nyumbani kwao bila kuelezwa, jambo ambalo mimi sikulipata hata mara moja katika michezo yote niliyocheza.

MKULIMA WA CHAI: Mwanangu, nimekusikiliza wewe na Mwalimu, na nyote wawili mnazungumza habari za rangi. Mimi ni mtu wa Konoin, upande wa Bomet, na chai yangu naichuma kwa mikono hii. Nikitoka asubuhi kwenda shambani sitazami kijani. Natazama mawingu ya upande wa ziwa. Mvua ya mawe ikishuka alasiri, majani yaliyokuwa yapelekwe kwenye kituo cha kununulia kesho yake huwa yamechanika na kutawanyika chini ya mashina, na hapo hakuna kuchuma mpaka yachipue tena. Kilo zimepungua, na bonasi ya mwaka itapungua vilevile. Je, katika sura hiyo yako ya nchi ya chai, mvua ya mawe ipo?

MCHORAJI: Haipo, Mama. Chombo chenyewe kina vipimo vya joto la mchana na la usiku, kina kipimo cha uwezekano wa mvua, cha uwezekano wa ukungu, na kimoja cha mianga ya anga ya kaskazini, ile inayocheza usiku juu ya nchi za barafu. Cha mvua ya mawe hakimo.

MWALIMU: Basi tazama mambo yalivyo. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo na mvua ya mawe mara nyingi kabisa. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalifikia hata kurusha maroketi na ndege kwenda kuyanyunyizia mawingu dawa, yakitumaini kwamba mawe yatavunjika kabla ya kufika shambani. Na chombo unachokitumia kuionyesha dunia tabia ya nchi hii kina nafasi ya mianga ya kaskazini, kisha jambo hilo kubwa la kwetu hakina mahali pa kuliandika.

MCHORAJI: Sitawalaumu kwa hilo. Watu wa Finland waliandika yaliyo juu ya vichwa vyao, kama Mama anavyotutajia yaliyo juu ya kichwa chake, kisha wakafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: wakakitoa chombo chao wazi ili aliye mbali aongeze yake. Na katika mchezo wa pili, uliotolewa Oktoba 2023, mvua ya mawe imo. Huja kama kimbunga na moto wa msitu, katika orodha ya misiba, na huharibu majengo ya mji.

MKULIMA: Hapo ndipo nisipokubali. Msiba ni jambo linalokuja ghafla, watu wakakusanyika, wakalia, wakajenga upya, na mwaka huo ukaitwa kwa jina la msiba huo. Mawe hayahesabiwi hivyo kwetu. Hakuna mwaka usio na mawe, wala hakuna jirani atakayekuja kukupa pole kwa ajili yake, maana naye ana yake. Mabati huezekwa kwa kuyafikiria, mboga hupandwa mahali penye kinga kwa kuyafikiria, na ada ya shule huwekwa akiba kabla ya wakati kwa kuyafikiria. Jambo ambalo nyumba, shamba na mfuko vimekwisha kulizoea ni tabia ya nchi. Mkiliweka katika orodha ya misiba mmeifanya nchi yangu kuwa nchi tulivu inayosumbuliwa mara moja moja, na nchi yangu haikuwa hivyo.

MWALIMU: Na sababu yake haihitaji msiba. Upepo wa ziwa Viktoria hupanda mchana kupitia ghuba ya Winam, ukakutana na upepo wa mashariki ukingoni mwa Mau, na kwa kuwa hakuna anayempisha mwenziwe, hewa yenye maji hupanda juu upesi ikaganda; ndiyo maana hapa asubuhi huwa kweupe na alasiri huwa na ngurumo. Mvua hiyohiyo ndiyo inayoipa chai milimita zake karibu 2,000 kwa mwaka, zikigawanyika miezi yote, ila Januari na Februari ambapo hupungua na usiku wa mabondeni huweza kushuka sakitu ikaunguza majani. Kijani unachokipenda kimezaliwa na mawe yaleyale. Ukikichukua kimoja ukakiacha kingine umechukua tunda ukakana mti.

MCHORAJI: Hata hivyo, huu ni mchezo, na mtu aliyerudi kutoka kazini jioni, akakaa mbele ya mashine yake saa moja ili apange barabara na mitaa, akipigwa mawe kila alasiri ya tatu ataiacha ramani yangu na kurudi kwenye minazi. Sura imepewa kazi ya macho. Haikupewa kazi ya kumlipa mtu hasara wala ya kumtia hasarani. Mchoraji wa picha ya bahari halaumiwi kwa sababu picha yake hailowanishi ukuta.

MKULIMA: Basi tuyafuate macho hayohayo. Mvua ya mawe ikipita, shamba huwa jeupe kwa muda, kisha mawe yakiyeyuka huja rangi ya majani yaliyopondwa, na siku zifuatazo ncha zake hugeuka kahawia. Chai inayopogolewa, ambayo ni lazima ipogolewe kila baada ya miaka michache isije ikapanda juu ya kiuno cha mchumaji, hubaki vijiti vitupu vya kijivu vilivyokaa wima kilima kizima. Jirani yangu amepanda ile ya zambarau iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, na majani yake si kijani. Yote hayo ni rangi, mwanangu, nimekutajia rangi tupu, na picha yako imechukua moja tu, ile iliyochapwa kwenye pakiti.

MCHORAJI: Hilo nalikiri kuwa ni kweli, na kizuizi chake si moyo wangu. Nyasi za sura ni picha moja, inayorudiwa na kurudiwa mpaka ikajaza ramani nzima. Naweza kuibadili rangi kidogo mahali penye rutuba au palipochafuka, lakini siwezi kupogoa kilima kimoja nikakiacha cha pili, wala siwezi kuifanya ichubuke jana na kupona kesho.

MWALIMU: Kizuizi hicho ndicho shahidi wangu. Kitu kisichoweza kuchumwa, kupogolewa, kupigwa na mawe wala kung'olewa si chai. Ni zulia la kijani. Iondoe chini, uiweke miongoni mwa mimea ambayo mchezaji huipanda mwenyewe kwa mkono, shina kwa shina, safu kwa safu, na chini yake iache ardhi iliyokuwapo. Tena jina la nchi ya chai lina upungufu wake. Ukishuka kutoka mji wa Kericho kuelekea Soin, kwa safari fupi ya matatu, umeingia katika joto na mashamba ya miwa. Ukipanda Londiani umekuta baridi na mahindi. Na Bomet yenyewe, ukivuka kwenda Chepalungu, ni nchi ya mifugo na wimbi inayongoja mvua kwa hofu. Wapo watu wengi wa kaunti hizi mbili wasio na hata shina moja.

MCHORAJI: Kwa hayo ya Soin na Chepalungu nina jibu la kipimo. Ramani nzima ya mchezo wa kwanza ni kilomita 17 na kidogo kila upande, na katika mraba huo, mtu akiuweka juu ya mji wa Kericho, Chepalungu haimo wala Londiani haimo. Sikuahidi kuchora kaunti mbili. Niliahidi kuchora mahali pamoja pa kweli.

MWALIMU: Haya, na tuuweke mraba wako upande wa mashariki ya mji. Utaingia humo ukingo wa msitu wa Mau, na kati ya msitu na mashamba ya watu utaona ukanda wa chai uliopandwa na serikali tangu 1986, ule unaoitwa Nyayo Tea Zones, ambao kazi yake ya kwanza ni kuwa mpaka: mtu na shoka lake wakomee hapo. Utaona mikaratusi iliyopandwa safu kwa safu ili iwe kuni za kukaushia majani viwandani. Utaona vijiji vya wafanyakazi ndani ya mashamba makubwa, nyumba za namna moja zilizopangwa mstari mmoja. Chai hapo imekuwa ukuta, mikaratusi imekuwa kuni na nyumba zimekuwa mpango wa mwajiri. Hakuna hata kimoja kilichoota chenyewe. Na tena mwezi wa Mei 2023, mashine za kuchumia zilipochomwa moto katika mashamba ya Kericho kwa sababu watu waliona kazi zao zinakwenda, je, zulia lako lingemweleza nini mtazamaji juu ya ugomvi huo?

MCHORAJI: Lisingemweleza kitu, na hakuna sura ya nchi yoyote iliyowahi kueleza mgogoro wa kazi. Watu huja pamoja na mji. Lakini nisionekane mkaidi, nitasema nilipofika: naweza kuifanya ardhi kuwa nyasi za malisho na msitu wa mianzi na miti mikubwa ya asili, ukungu wake ukaja asubuhi na mvua yake alasiri, na chai nikaitengeneza mbali, kama kichaka kidogo ambacho mchezaji hukipanda apendapo. Itakuwa sahihi zaidi. Itakuwa pia kwamba kila mtu atakayeifungua ramani ataona msitu wa mahali popote penye baridi, atadhani ni Kolombia au ni Nepal, na mtoto wa Kericho niliyemtengenezea atanijia aniulize nyumbani kwao kumekwenda wapi.

MKULIMA: Na mimi nitakuja naye. Mwalimu, umesema kweli juu ya waliopokonywa, na sitaki hata neno moja la hayo lifutwe. Lakini umeisimulia chai kana kwamba ni ya makampuni peke yao. Zamani Mwafrika alikatazwa kuipanda. Ruhusa ilikuja katika miaka ya 1950, na baada ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, kuundwa mwaka 1964 ndipo wazee wetu wakaanza kuipanda kwa maelfu, kila mmoja juu ya kipande chake. Mama mkwe wangu alichimba mashimo akiwa na mtoto mgongoni. Leo watu waniambie kwamba ardhi ya kweli ya Konoin ni msitu, na kwamba chai ni kitu cha kigeni ambacho kijana wa mjini atakiweka au asikiweke kwa kubonyeza kidole? Wajukuu wangu walizaliwa wakaikuta. Kwao hiyo ndiyo ardhi, na mkiiondoa chini ya miguu yao mmewaondoa nao.

MWALIMU: Mama, maneno yako ndiyo yanayonizidishia hoja. Madhali mama mkwe wako alichimba mashimo, basi jasho lake haliwezi kuitwa maumbile. Ukiikubali chai iwe nyasi za ardhi, umekubali kwamba yeye hakuwapo. Mchezaji atapitisha barabara yake juu ya nyasi hizo bila kulipa senti, kwa sababu katika mchezo huo nyasi hazina bei, na kila nyumba atakayoijenga itakuwa imekaa juu ya kazi yake isiyolipiwa.

MCHORAJI: Hata miti katika mchezo huu hung'olewa bure, Mwalimu. Kosa la bei si kosa la sura.

MWALIMU: Ndiyo, na wewe unao uwezo wa kutoliongeza.

MKULIMA: Ninyi mwasema juu ya bei ya mchezo; mimi naiona bei hiyo nje ya mchezo. Pande za Litein na Kapkatet miji inapanuka, na vijana waliorithi robo eka hung'oa chai wakajenga vyumba vya kupangisha, kwa sababu chumba kina kodi kila mwezi na chai ina mawe. Siwalaumu. Ila nataka anayejenga, awe kijana huyo au mchezaji wa Seoul, ajue anachokikanyaga. Kwa hiyo nitakuomba jambo moja, mwanangu, na Mwalimu asikasirike: upande mmoja wa ramani acha msitu kama alivyosema, na upande wa pili mchezaji aikute chai imekwisha pandwa, shina kwa shina, si zulia, yenye kilima kimoja kilichopogolewa na kimoja cha zambarau, na vibanda vya kituo cha kununulia majani vikiwa mahali pake. Akitaka kujenga juu yake aing'oe yeye mwenyewe, shina moja moja, kwa mkono wake.

MCHORAJI: Vichaka vya idadi hiyo, Mama, ramani haivibebi, mchezo umewekewa kikomo cha mimea, na kilima kimoja cha Konoin kitakula sehemu kubwa ya kikomo hicho kabla sijaupanda msitu wa Mwalimu. Itanibidi nipunguze kimoja ili kingine kipate nafasi.

MWALIMU: Punguza chai.

MKULIMA: Hapana. Punguza msitu, huo tayari umepunguzwa, na waliofanya hivyo hawakuniuliza.

MWALIMU: Nami hawakuniuliza, Mama, na ndiyo sababu sitaki ramani hii iwe mahali pa pili panapoupunguza.

MCHORAJI: Basi nitatoa ramani mbili, kila moja na sura yake, nione wachezaji wa hapa watajenga juu ya ipi.

MWALIMU: Wachezaji watajenga juu ya iliyo nzuri kutazama, na hilo halijajibu ni ipi iliyo kweli.

MKULIMA: Kabla hujatoa hata moja, mwanangu, njoo Konoin alasiri moja ya mwezi wa Mei, na mashine yako uiache nyumbani.